Farasi Wetu Wenye Ugonjwa wa Zambarau

Vijana, mkitaka kujua kama farasi mzee anakula kweli, msitazame mdomo wake. Tazameni chini, karibu na kwato. Mkikuta vitonge vya majani vilivyotafunwa nusu na kutemwa, kama babu anavyotema makapi ya muwa, basi huyo anajifanya anakula tu. Mdomo unacheza kutwa nzima na tumbo halipati kitu. Meno yamekwisha. Farasi wengi mnaosema wamekufa kwa uzee wamekufa kwa njaa, na majani yamejaa mbele yao.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo la kwanza nililofundishwa, na aliyenifundisha alinifundisha kwa kunicheka. Nyinyi hapa Likasi mnanijua kama Mama Rejina wa maandazi. Kabla ya maandazi nilikuwa mtunza farasi. Mnacheka. Chekeni, nitawangoja.

Kwenye barabara ya Kakontwe, mahali ambapo vumbi la chokaa linafanya hata kuku weusi waonekane na mvi, palikuwa na mazizi ya Wazungu waliokuwa wakipanda farasi Jumapili. Wazungu waliondoka mmoja mmoja, farasi wakabaki. Baadaye wakaongezwa punda waliokuwa wakivuta mikokoteni ya mawe mpaka magoti yao yakakataa. Mtawa mmoja mzee, Masela Godeliva, aliwakusanya wote pale na kutundika ubao ulioandikwa Kimbilio. Watu wa mtaani hawakuhangaika na ubao. Walisema tu "kwa bazee".

Mimi nilikwenda kufua mablanketi. Sikujua kwamba wenye mablanketi walikuwa na mikia.

Mtunzaji mkubwa alikuwa Tata Mukendi, mtu mwembamba kama mpini wa jembe, aliyewahudumia farasi wale tangu wangali vijana wote, yeye na wao. Siku yangu ya kwanza nilisimama kati ya ukuta na punda mmoja dume aitwaye Kapita. Alipewa jina hilo la msimamizi wa kazi kwa sababu hakuvuta kitu siku hizo, ila alipenda kusimama akiangalia wengine wanavyofanya. Niliogopa teke. Kapita hakupiga teke. Alisogea kidogo, akaniegemea. Akaendelea kuniegemea taratibu mpaka mgongo wangu ukawa sehemu ya ukuta na pumzi ikawa ya kuomba.

Tata Mukendi alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Ulimusalimia?" akauliza.

"Nani?"

"Mwenye nyumba. Uliingia mu nyumba ya muntu bila hodi."

"Tata, minye nakufwa."

"Basi musalimie mbele ya kufwa."

Nikasema, kwa pumzi iliyobaki, jambo Kapita. Punda akaondoka kana kwamba alikuwa anangoja hilo tu. Mpaka leo sijui kama Tata Mukendi alimpa ishara kwa kidole. Lakini jueni hili: msiingie kamwe kwa mnyama mzee bila kusema. Huenda haoni upande mmoja, huenda hasikii, na mnyama aliyeshtuka hana umri.

Kapita alikuwa na mke, Sidoni, mwenye masikio yaliyolala kando kama kofia iliyonyeshewa. Punda wakishazoeana hawatenganishwi. Ukimpeleka mmoja kukatwa kwato, unampeleka na mwenzake aje kutazama, la sivyo utakata kwato za mmoja na kutibu tumbo la mwingine. Na punda akiumwa hapigi kelele. Farasi akiumwa tumbo anagaagaa, anajitazama ubavuni, mtaa mzima unajua. Punda ananyamaza tu. Ukiona punda mtulivu, mwenye adabu, asiyekusumbua, mkimbilie, anakufa.

Mkubwa wa wote alikuwa Baroni, farasi jike mweupe, jicho moja limeingia ukungu, mgongo umepinda kama machela. Meno ya nyuma yalikuwa yamebaki ya kuhesabika kwa huruma. Tulimpikia. Ndiyo, tulimpikia: pumba za mahindi, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, unafunika mpaka zilainike kama uji wa mtoto. Katika baridi ya Juni hata maji ya kunywa tulimpashia, kwa sababu farasi mzee anaogopa maji baridi kwenye meno, anapunguza kunywa, halafu tumbo linafunga.

Mama yangu alikuja siku moja akanikuta nakoroga ile sufuria. Miaka ile mitambo mjini ilikuwa imeanza kuzima, na nyumba nyingi zilikuwa zimezoea kula bukari, ugali wetu, jioni tu. Mama alitazama sufuria, akatazama farasi, akanitazama.

"Rejina," akasema, "unapikia nyama yenye shiye tungepika."

Tata Mukendi alimjazia ndoo ya samadi kavu, akambebea mwenyewe mpaka kwenye bustani yake ya lengalenga. Mvua iliponyesha, mboga za mama ziliota kama zinadaiwa. Baada ya hapo wanawake wote wa bustani za bondeni walikuja kuchukua samadi, na wao walituletea pumba, maganda na majani ya kabichi. Ndivyo tulivyoishi wakati mizigo ya chakula aliyotumiwa Masela kutoka kwao ng'ambo ilipokoma. Wazee walilisha bustani, bustani zikatulisha sisi na wazee.

Lakini njaa ina macho, na macho yale yalifika kwetu yakiwa yamevaa buti.

Walikuja askari asubuhi, mbele yao ajuda mmoja, mwenye cheo kati yao, mtu mnene wa sura lakini nguo zimeanza kumzidi. Alizunguka mazizi polepole. Alimpapasa Baroni shingoni, mgongoni, kwenye paja. Nimeshawaona wanaume wakipapasa farasi kwa mapenzi. Huyu alipapasa kama mtu anayechagua upande wa kuanzia.

"Vye, muzee," akamwambia Tata Mukendi, "hii nyama, jeshi inaichukua. Kesho tutakuya na kamio."

"Sawa, shefu," akasema Tata Mukendi, mpole kabisa.

Walipoondoka, mimi nilikaa chini nikalia. Yeye alikwenda kwenye zahanati ndogo ya Masela. Mnakumbuka ile dawa ya zambarau ambayo bibi zenu waliwapaka midomoni mkiwa na vidonda? Masela alikuwa na chupa zake kabatini, maana ndiyo dawa pekee iliyokuwa haijakwisha. Tata Mukendi alirudi na chupa, kijiti na pamba.

"Acha machozi, lete pumba," akaniambia. "Zile za jana, zenye zilianza kunuka."

Tukafanya kazi mchana kutwa. Yeye alichora mabaka, mimi nikatengeneza kamasi. Nitawafundisha, ingawa natumaini hamtahitaji: pumba zilizochacha, maji kidogo, unapaka puani na pembeni mwa jicho, unaacha zikauke, unapaka tena. Zikikauka zinakuwa njano na zina harufu ya kitu kilichosahaulika. Baroni alivumilia kama mama mkubwa anayesukwa nywele. Sidoni alilamba kazi yangu yote, ikabidi nirudie. Kapita alikataa katakata kupakwa uso, hivyo akapata mabaka matakoni tu, na tukakubaliana kuwa kwake ugonjwa umeanzia huko.

Masela Godeliva alitoka kanisani akatukuta. Masela alikuwa na vipaji vingi lakini Mungu alimnyima kipaji cha kusema uongo. Ukimuuliza anajibu, na uso wake unajibu kabla yake. Kwa hiyo tulikuwa tumeamua asijue. Alisimama akatazama wanyama wake wa zambarau kwa muda mrefu.

"Mukendi, ni nini?"

"Nzi, Masela," akasema Tata Mukendi.

"Nzi," akasema Masela. Akaingia ndani. Kesho yake alfajiri tulikuta chupa nyingine, imejaa, imewekwa kwenye ngazi ya zizi, na Masela alikuwa amekwenda Kambove kuwatembelea wagonjwa, safari ambayo hakuwa ameitaja.

Kamio, lile lori lao, lilifika. Ajuda alishuka, akapiga hatua chache ndani ya zizi, akasimama. Baroni, Mungu ambariki, alichagua dakika ile kukohoa. Kila farasi mzee hukohoa akila vumbi, lakini kikohozi kile kilikuwa na moyo ndani yake.

"Ni nini hii?" akauliza ajuda.

"Haa, shefu," akasema Tata Mukendi kwa huzuni, "ilianza jana, nyuma ya nyinyi kuenda. Ile ya zamani imerudia. Kama unataka kubeba, beba, lakini mukipika muchemushe sana. Mara ingine inabakia."

"Inaambukia muntu?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa mwanafunzi wa mtu mkubwa. Tata Mukendi hakusema ndiyo. Alimtazama tu ajuda mikononi.

"Shefu, jana ulimugusa?"

Ajuda akatazama viganja vyake. Askari waliokuwa nyuma yake walirudi kidogo, kisha wakarudi zaidi.

"Inaanzaka na kukwaruza," akasema Tata Mukendi.

Sasa nyinyi jaribuni kusimama mahali mtu anapotaja kukwaruza, mwone kama hamtakwaruza. Ajuda alikwaruza kiganja. Akakwaruza kingine.

"Dawa iko?"

"Dawa iko, shefu. Ni ile ile ya banyama."

Tukampaka. Mimi mwenyewe nilishika kijiti, nikampaka ajuda wa jeshi mikono mpaka kwenye viwiko, naye ameinyoosha kama mtoto anayevalishwa shati. Askari wake wakapanga mstari. Waliondoka bila nyama, kamio zima la mikono ya zambarau, na kabla ya jua kuzama habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba kwa bazee kuna ugonjwa unaokula mpaka jeshi.

Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, halafu tukajuta kidogo, kwa sababu wanawake wa bustani waliacha kuja. Hao ikabidi tuwaambie ukweli, mmoja mmoja, pembeni. Wanaosema wanawake hawajui kutunza siri hawajawahi kuona wanawake wanaohitaji samadi. Hakuna aliyefungua mdomo. Ila mchungaji mmoja wa kanisa la maombi alikuja kuwafukuza pepo punda. Kapita alimwegemea.

Kisha ukaja ule wakati ambao hata leo wakubwa wenu hushusha sauti wakiutaja. Watu wenye asili ya Kasai, jimbo jirani, waliambiwa kwamba hapa si kwao. Tata Mukendi alikuwa mmoja wao, ingawa alizaliwa hapa Likasi, mji ungali unaitwa Jadotville. Kasai aliijua kwa nyimbo za mama yake tu. Vijana walipita mtaa kwa mtaa na marungu, wakaonyesha nyumba kwa vidole, na waliokuwa wakionyesha walikuwa majirani. Mke wake, Mama Ntumba, na binti zao walikimbilia stesheni pamoja na maelfu ya wengine, wakakaa pale juu ya virago vyao, chini ya maturubai, wakingoja treni ambazo hazikuwa na saa.

Tata Mukendi alikuja kwetu mchana na shuka moja begani, akafungua zizi la Baroni, akatandika majani.

"Tata, na mama?" nikamwuliza.

"Yeye njo alinituma. Alisema pale stesheni nitagombana na bantu. Treni ikikuya, atatuma neno." Akamgusa farasi ubavuni. "Na Baroni haiko muzuri."

Ilikuwa kweli. Baroni alikuwa amefunga tumbo. Tulimtembeza uani, taratibu, mwendo wa maziko, tukabandika masikio ubavuni mwake. Tumbo la farasi mzima linanguruma kama lori la mbali. Lako likinyamaza huogopi, la farasi likinyamaza uogope. Siku zile, wakati mji ulikuwa unawatoa watu wake, yule mzee alinishika kichwa na kukibandika kwenye ubavu wa farasi, mahali baada ya mahali, mpaka nikajua sauti ya kila pembe. Nilidhani anamtibu Baroni. Alikuwa pia anamaliza kunifundisha, na alikuwa na haraka.

Vijana wa marungu walifika mpaka lango letu. Waliona farasi wetu, tuliokuwa tumewapaka zambarau upya, wakamwona Masela amekaa kwenye kiti mlangoni na rozari, wakasimama mbali.

"Kuko Mukasai humu?" mmoja akauliza.

Mimi nilianza kusali, kwa sababu swali liliulizwa kwa Masela, na Masela hakujua kudanganya.

"Humu kuna wagonjwa," akasema. "Ingieni muwaone."

Hawakuingia. Baadaye nilimwona Masela akiwa bado pale kwenye kiti, anaendelea na rozari yake, na Kapita amesimama nyuma yake, hamwegemei.

Baroni alifungua tumbo asubuhi moja, na sijawahi kushangilia mavi namna ile, wala sitaona aibu kuwaambia. Siku hiyo hiyo mwanamke mmoja wa bustani alileta neno kutoka kwa Mama Ntumba: mabehewa yameanza kuunganishwa.

Tatizo lilikuwa njia. Kila njiapanda ilikuwa na kizuizi cha magogo, na uso wa Tata Mukendi ulijulikana mji mzima. Alifikiri kidogo, akaenda kuchukua chupa.

"Unipake," akasema. "Usinihurumie."

Nilimpaka uso, shingo na mikono. Nikampa kamasi bora kuliko zote nilizowahi kupika. Tukamlaza kwenye mkokoteni mdogo, chini ya blanketi la farasi, Kapita akavuta na Sidoni akatembea kando, kwa sababu bila Sidoni safari isingekuwepo. Kabla ya kupanda, Tata Mukendi alimwomba Kapita msamaha kwa uzito wake. Mimi nilitembea mbele nikisema kwa sauti ya kuchoka, "Mupishe, tafazali. Ugonjwa. Mupishe."

Walitupisha. Kizuizi cha kwanza walikimbia. Cha pili waliinua gogo kwa fimbo ndefu ili wasitukaribie. Cha mwisho, karibu na stesheni, kilikuwa na vijana wengi, na kati yao, juu ya kreti ya bia, alikaa ajuda.

Mikono yake ilikuwa imeshasafika zamani. Alisimama, akaja mpaka kwenye mkokoteni. Akamtazama Tata Mukendi, naye akamtazama kwa macho yaliyofunguka kidogo katikati ya ile zambarau. Mmoja wa vijana akasema anafikiri anamjua huyu mzee, ni Mukasai wa farasi.

Ajuda hakugeuka.

"Karibia basi uangalie muzuri," akamwambia. "Minye niliugua hii. Inaanzaka na kukwaruza."

Kijana hakukaribia. Niliona mkono wake ukienda shingoni, ukakwaruza. Gogo likainuliwa.

Stesheni ilikuwa bahari ya masufuria, magodoro na watoto. Mama Ntumba alikuwa amekalia godoro lake mlangoni mwa behewa la mizigo, analinda nafasi. Alimwona mtu wa zambarau anakuja, akawavuta binti zake nyuma.

"Ni bwana yako," nikamwambia.

Alimtazama juu mpaka chini. Sijui mama yule alikuwa hajacheka tangu lini. Alianza polepole, begani, kisha ikatoka yote.

"Mukendi," akasema, "hata kufukuzwa unaenda umevaa hivi?"

Binti zake walikuwa wanamfuta uso kwa kanga, na rangi haitoki, na wote wanacheka na kulia, watu wa behewa zima wanauliza kuna nini. Mimi nilisimama chini na kamba za punda mkononi. Hakuniaga kwa maneno makubwa. Aliniinamia kutoka juu ya behewa akasema, "Baroni, majani umukatie mafupi, sawa kidole. Marefu yatamukaba." Nikasema ndiyo, Tata. Treni ilikaa bado muda mrefu bila kuondoka, kisha ikaondoka kwa ghafla, kama inaona haya.

Kwenye kizuizi ajuda alikuwa bado kwenye kreti yake. Alitazama mkokoteni mtupu.

"Ilipanda?" akauliza, bila kunitazama.

"Nini, shefu?"

"Ugonjwa."

"Ilipanda, shefu."

"Muzuri," akasema, akaniinulia gogo mwenyewe. Sikumwona tena. Nimewaza miaka mingi kama alijua tangu siku ile tulipompaka, au alijua baadaye alipooga, au hakujua kabisa na alinihurumia tu.

Kimbilio lilidumu kadiri Masela alivyodumu. Baroni alianguka msimu wa mvua, akashindwa kuinuka peke yake. Tulimgeuza kwa kamba, kutoka upande wa mgongo, kamwe si upande wa miguu, na alipoinuka mara moja akala pumba zake, sufuria nzima, akalamba ukingo. Kisha akalala tena kwa hiari yake, kichwa kwenye mapaja yangu, na hatukumsumbua zaidi.

Baada ya miaka, treni zilipoanza kupita tena na biashara, mfanyabiashara mmoja wa samaki wakavu kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, alinitafuta mtaa hadi mtaa. Alisema ametumwa na mzee mmoja mfuga mbuzi, mwembamba, mwenye binti wengi na wajukuu. Sikumwacha amalize, nikamwuliza amesema nini.

"Hakusema mingi," akajibu. "Aliuliza tu kama Baroni alikula."

Yule mtu alifikiri Baroni ni mtoto wangu. Sikumsahihisha. Nilimfungia maandazi ya njiani, nikamwambia amfikishie mzee kwamba alikula, na alimaliza sufuria.